Kibao Chenye Jina la Mdogo Wako

Kambini,
Jumatano asubuhi.

Kwako Fundi, ndugu yangu wa hiari,

Salamu nyingi zikufikie hapo kwenye cherehani yako, wewe na shemeji na watoto wote watatu, pamoja na huyo wa mwisho mliyeniandikia kwamba ameanza kutambaa nami sijapata kumtia machoni. Natumaini mu wazima wa mwili, maana habari za moyo sithubutu kuziuliza. Mguu wako unaendeleaje na baridi hii? Nami huku ni mzima kiasi. Kikohozi kimening'ang'ania tangu mvua zianze, na vidole vimepasuka kwa sababu ya tina ya kuzimulia rangi, lakini nakula, nalala na natembea. Mahali kama hapa mtu mwenye hayo matatu hana haki ya kulalamika.

Barua hii haikupita posta ya jeshi. Anakuletea muuguzi wa hapa, mama mtu mzima anayerudishwa nyumbani kwa maradhi ya moyo. Ameishonea ndani ya bitana ya koti lake, na mshono wake ungekuchekesha, jinsi ulivyopinda. Nimemwomba akukabidhi wewe mkononi, siyo shemeji wala jirani. Uisome mlango ukiwa umefungwa, kisha uichome.

Barua yako nimeipata siku kumi na moja baada ya Mama kuzikwa. Niliisomea darasani, nimekaa kwenye dawati la mtoto wa darasa la pili, magoti yamenifika kidevuni. Nilipofika pale ulipoandika kwamba alikata kauli alfajiri na kufikia saa nne mlikuwa mmekwisha kumwosha, niliinuka nikatoka nje, nikasimama kwenye mvua hadi sajenti akanipigia kelele niingie ndani. Pole sana, ndugu yangu. Pole sana. Nimeandika neno hilo mara mbili na bado naliona halina uzito hata wa uzi.

Unajua Mama alivyokuwa kwangu. Mimi niliyempoteza mama yangu ningali na miaka tisa, ni yeye aliyenipa baraza lake nichoree mabango upande mmoja, wewe ukishona upande wa pili. Kila siku alinigombeza kwa kumwagia rangi viti vyake, na kila siku aliniletea chai katika kikombe kilekile chenye alama ya kidole changu cha bluu, ambacho alikataa kabisa kukisugua. Hakujua kusoma, lakini alikuwa mkaguzi wangu. Alikuwa akisimama mbali, anakunja mikono, anatazama bango, kisha anasema, "Leo herufi zako zimelewa, hiyo ya tatu inataka kuanguka." Nami nikipima kwa rula nakuta kweli herufi ya tatu imelala. Hakuna bwana mkubwa yeyote huku anayeweza kunisomea kazi yangu hivyo.

Uliniandikia kwamba tangu habari za mdogo wako zifike, Mama aliacha kula chakula cha maana. Kwamba alikaa kuelekea ukutani na ile fulana ya mpira ya mwanawe mapajani. Kwamba siku ya mwisho alikuuliza jambo moja tu, kama walimzika vizuri, ukamjibu kwamba ndiyo, kwa sababu mimi nilikuandikia kwamba kibao cha kaburi nilikichora kwa mkono wangu mwenyewe. Ukasema alitikisa kichwa akafumba macho. Fundi, ulidhani unanifariji uliponiandikia hayo. Mistari hiyo mitatu imenikalia kooni kwa wiki nzima kama mwiba wa samaki, ndiyo maana leo nimeshika kalamu.

Kwanza nikueleze kazi yangu ya huku, maana sijawahi kukueleza sawasawa. Kambi yetu ni shule. Ofisi ya mwalimu mkuu ndiyo ofisi ya meja, darasa la pili ni ofisi yangu, na maabara, yenye zile meza ndefu za saruji zenye masinki, ndiyo tunapolaza maiti. Walipogundua kwamba naandika vizuri, walininyang'anya bunduki wakanipa daftari na brashi. Napokea na kugawa barua za askari. Naandika orodha ya waliokufa na waliopotea. Na kila anayeletwa maabara, mimi ndiye ninayesoma kile kibati cha shingoni chenye jina na namba, kisha namchorea kibao. Herufi nyeupe, ubao mweusi. Mwanzoni nilikuwa nikizitia herufi kivuli kama kwenye maduka, meja akaniambia niache madoido. Hadi leo nimechora vibao mia mbili na kumi na nne. Wenzangu wananiita Rangi kama mlivyoniita nyumbani, lakini wengi hawapendi kukaa karibu nami wakati wa kula. Wanasema naweza kuwakariri majina.

Mdogo wako yeye hakuniogopa. Lile jina la Kiroboto mlilompa kwa kushindwa kutulia lilimfuata hadi huku, na nadhani hata meja halijui lake la kweli. Kila jioni aliporudi kutoka lindo alikuja darasani kwangu, akae juu ya meza, apekue karatasi zangu, aniigizie sajenti anavyotembea na lile tumbo kama anabeba ndoo ya maji. Alinisimulia habari za mpira, za wasichana, za koti ulilomwahidi akirudi. Siku lori lilipotuchukua, ulinishika mkono ukasema, "Nakukabidhi huyu." Sikusahau. Nilikuwa nikimhesabia siku kama mama mzazi. Akichelewa kurudi, niliacha brashi nikaenda kusimama langoni.

Kisha kukawa na vita vya daraja. Nilikuandikia wakati ule kwamba kombora liliangukia platuni yake, kwamba alikufa papo hapo bila kuteseka, kwamba alizikwa kwa heshima na meja mwenyewe akampigia saluti. Niliandika ukurasa mzima. Nakumbuka niliuchana mara nne kabla haujakaa sawa.

Sasa kaa chini, ndugu yangu, kama umesimama.

Kiroboto hakufa darajani. Kiroboto yu hai.

Najua unaweza kudhani nimerukwa na akili, kwa hiyo nitakueleza moja baada ya jingine kama lilivyotokea. Makombora yalianguka kweli, na watu wengi wa platuni yake waliteketea. Siku ya tatu, saa sita mchana, mvua inanyesha, wenzangu wote wamekwenda kupanga foleni ya chakula, mlango wa darasa ukafunguliwa akaingia mdogo wako. Hana bunduki, hana kofia, tope hadi kifuani. Nilimkumbatia nikilia. Yeye hakulia. Alikaa sakafuni chini ya ubao wa chaki, akaniambia amekuja kuaga.

Nikamuuliza anaaga kwenda wapi. Akasema baada ya makombora, walionusurika walipangwa ukingoni mwa mto, na watu walikuwa wanavuka kukimbia, raia, na vitu vyao. Kapteni akatoa amri wapigwe, eti kati yao wamo adui waliovaa kanga. Akaniambia, "Kulikuwa na mama kabeba godoro kichwani, Rangi. Maji yamemfika kifuani. Ameinua mikono kulishika godoro, wala hakuwa na mkono wa kujikinga." Mdogo wako akaweka bunduki chini. Kapteni akamwona, akamnyooshea kidole, akamwambia zamu yake itafika vita vikitulia. Wenzake wakapiga. Yeye akatambaa kwenye matete akaondoka.

Nikamwambia asiwe mjinga, twende kwa meja, tueleze kwamba kombora lilimtia kiwewe. Akanitazama kama ananionea huruma. Wiki moja tu kabla ya hapo wawili walikuwa wamesimamishwa kwenye ukuta wa uwanja wa shule kwa kosa dogo kuliko hilo, na vibao vyao nilivichora mimi, bila cheo. Alijua. Nami nilijua. Na watoro wote hutafutwa, Fundi. Wanaowatafuta hufika hadi nyumbani kwao, huwachukua ndugu zao mpaka waonekane. Wangekuja kwako. Wangekuja kwa Mama.

Pale maabara, mlango wa pili kutoka kwangu, juu ya meza ya mwisho palikuwa na maiti mmoja aliyeletwa asubuhi ile kutoka darajani. Moto ulikuwa umemla uso na kifua. Kibati hana. Nilikuwa nimemwandika "hajulikani". Urefu ulikuwa wa Kiroboto, na wembamba wake.

Sikumwomba ushauri mtu yeyote. Nilimwambia mdogo wako avue kibati chake anipe. Alipoelewa ninachotaka kufanya, alikataa kwanza. Akasema, "Na huyo je, wa kwao?" Nikamjibu kwa ukali kwamba wa kwao Mungu anawajua, kwamba marehemu hana haja tena na jina, yeye anayo. Nilimpa shati la raia, mkate, na kopo la rangi na brashi, ili akikutana na doria aseme ni kibarua wa kupaka nyumba. Kabla ya kutoka dirishani alinigeukia akaniomba jambo moja. "Mwambie Mama. Yeye tu. Ajue nipo." Nikala yamini mbele yake kwamba mwezi hautaisha kabla Mama hajajua.

Nilikwenda maabara nikamvika yule maiti kibati. Kesho yake tulimzika, nikakisimamisha kibao, meja akapiga saluti. Herufi zilikaa wima kuliko zote nilizowahi kuchora.

Barua ya kukuarifu kifo ilikuwa lazima niiandike vile, maana barua zetu husomwa. Nilijiambia ni kwa siku chache, nitapata mtu wa kuaminika nimtume kwa mdomo. Nami nilimpata, Fundi. Hapo ndipo penye kosa langu, siyo pale maabara. Miezi mitatu iliyopita yule dereva wa mtaa wetu, mume wa muuza mkaa, alipewa likizo. Alisimama mbele ya meza yangu na begi begani, akaniuliza kama nina ujumbe wowote kwa watu wa nyumbani. Tulikuwa wawili tu. Neno lilikuwa ulimini. Nikawaza: je, akilewa akalitoa? Je, Mama akifurahi, akaimba, majirani wakauliza mwenye msiba anaimba nini? Je, wakinijia mimi? Nikamwambia, "Wasalimie tu." Akaenda, akafika kwenu, akakusalimieni, mkamshukuru. Wewe mwenyewe uliniandikia kwamba Mama alimpa kiti akamuuliza kama kaburi lina kivuli.

Ningesema niliogopa kwa ajili yenu, lakini nikikuandikia leo sitaki tena kuongeza uongo. Niliogopa kwa ajili yangu. Ule ukuta wa uwanja nauona kila ninapoinua kichwa.

Na bado sijamaliza. Kuna dereva mwingine, raia, anayevusha unga hadi ng'ambo ya mpaka. Kwa njia yake nilipata habari za mdogo wako. Anafanya kazi kwenye tanuri la mikate karibu na kizuizi cha ile barabara kuu iendayo kwenye mgodi. Huko wanamwita Bubu, kwa sababu hafungui kinywa asije akajulikana kwa lafudhi yake ametoka wapi. Kiroboto wetu, aliyekuwa hanyamazi hata akiwa na jino linauma. Huongea na huyo dereva peke yake, wakishusha magunia, na kila safari humuuliza swali moja: "Mama ameshaambiwa?" Mara ya kwanza dereva aliponiletea swali hilo, niliona haya kusema bado. Nikamjibu, mwambie ndiyo. Mara ya pili pia nikasema ndiyo. Mara ya tatu dereva akaniletea mkate, akasema umetumwa na Bubu kama shukrani. Niliuweka mezani hadi ukaota ukungu.

Kwa hiyo mwanamke mmoja alikufa akimlilia mwanawe aliye hai, na mwanawe anakanda unga akiamini mama yake anajua. Katikati yao nimesimama mimi.

Utaniuliza kwa nini nimengoja hadi leo kusema, wakati kusema hakumrudishi. Ni kwa sababu ya yule tuliyemzika. Nilikuambia barua za kambi hupita kwangu. Tangu vita vya daraja, kila mwezi inakuja barua ya mwanamke anayemtafuta mumewe, mpishi wa kikosi cha ugavi, aliyeandikwa kwenye orodha yangu kwamba amepotea. Anaandika kwa penseli, kwa herufi kubwa kama mtoto, na kila mara anaanza kwa kuomba radhi kwa usumbufu. Nilimjibu kwa fomu, kama kawaida, kwamba tukipata habari tutamjulisha. Barua yake ya nne akaeleza alama za mumewe ili tumtambue kama yuko hospitali na amepoteza fahamu. Kwamba ana kovu kwenye nyonga. Kwamba vidole viwili vya mguu wa kushoto, cha pili na cha tatu, vimeungana tangu kuzaliwa, na watoto wao hupenda kumtekenya hapo.

Fundi, miguu moto haukuifikia. Niliiosha mimi.

Barua ya tano ilikuja siku moja na yako. Anasema watu wanamwambia aolewe, na yeye anawajibu kwamba mtu aliyepotea hupatikana. Nilizisoma barua zenu zote mbili kwenye dawati lilelile, na nikajua siwezi kuwaua wanawake wawili kwa jina moja.

Sasa sikiliza ninachokuomba. Mimi nimekusudia kwenda kwa meja nimweleze kaburi lile ni la nani, ili yule mama aandikiwe ukweli. Kibao kipya nimekwisha kukipaka nyeusi, na jina la mpishi nimelipiga kwa penseli, bado rangi. Lakini nikishasema, watajua kwamba Kiroboto alitoroka, na pale alipo si mbali. Watu wetu huvuka mpaka kuwafuata watoro, nimeona wakirudishwa. Kwa hiyo nitangoja siku ishirini kuanzia siku muuguzi atakapopanda lori. Katika siku hizo umwendee mdogo wako, wewe mwenyewe na mguu wako huo, usimtume mtu. Dereva wa unga hupakia ghalani nyuma ya stesheni kila Jumatatu, ana jicho moja jeupe, mwambie unakwenda kumwona Bubu. Mwondoe pale. Mpeleke mbali kadiri nauli itakavyokufikisheni. Ukirudi, mchukue shemeji na watoto mkakae kwa wakwe zako kwa muda, msiwepo nyumbani watakapokuja kuuliza.

Habari za Mama utampa wewe. Nilifikiria sana kama nikuombe umfiche, nikaona nimeshaficha vya kutosha kwa niaba ya watu wote. Ila akikuuliza alikufa kwa nini, usimwachie mzigo huo. Mwambie yeye alitimiza lake, aliniachia neno dogo la kufikisha, na mimi sikulifikisha. Nitaje. Mwache anichukie, chuki itamtia nguvu ya kutembea.

Wewe sikuombi unisamehe. Ningekuwa mimi, nisingeweza. Nilitaka tu usimsikie mtu mwingine akikusimulia haya.

Usinijibu, maana barua zako zitasomwa na atakayekaa kwenye meza hii baada yangu. Sitajua kama umemkuta, wala kama ameondoka salama, na hilo nimelikubali.

Mpe shemeji mkono wa pole kutoka kwangu, na mwambie nashukuru kwa alivyomuuguza Mama. Watoto wabusu vipajini, mmojammoja. Muuguzi mpe chai na mahali pa kupumzika, moyo wake hauna nguvu na safari ni ndefu. Wasalimie majirani wote wa mtaa, muuza mkaa na mumewe, na yeyote atakayeniulizia kwa wema.

Kwaheri, Fundi.

Ni mimi, niliyekuwa mwenzako wa barazani,

Rangi